Bawaba za Makabati ya Jikoni: Dalili, Chanzo na Ipi Ununue

Bawaba nyingi za jikoni zinazotupwa hazikuwa mbovu. Zilifungwa kwenye ubao uliokwisha kulika, au zilibebeshwa mlango uliozizidi uzito, au zilikaa mwaka mzima juu ya chupa ya dawa ya klorini chini ya sinki. Ukinunua nyingine ya aina ileile ukaifunga palepale, nayo itakufa kwa ugonjwa uleule. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, kisha chanzo, halafu ndiyo duka.

Maelezo haya yanahusu zaidi bawaba za kikombe, zile zisizoonekana mlango ukiwa umefungwa. Zina sehemu tatu: kikombe cha duara kilichozamishwa kwenye mlango, mkono, na kitako kinachofungwa kwenye ubavu wa kabati. Ndizo utakazozikuta siku hizi kwenye makabati mengi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi). Za kipepeo, zile za mabawa mawili bapa yanayokunjana kwenye pini, zina sehemu yake fupi huko mbele.

Kabla ya yote, angalia bisibisi yako. Skrubu nyingi za bawaba hizi zina nyota yenye mistari midogo minne ya ziada kati ya mikono ya msalaba, na bisibisi yake imeandikwa PZ2. Ukilazimisha ile ya nyota ya kawaida, PH2, itateleza na kukila kichwa cha skrubu. Drili ya umeme nayo iache pembeni wakati wa kukaza. Kwenye MDF na chipubodi, nusu mzunguko uliozidi unatosha kusaga meno ndani ya tundu, na hapo umejitengenezea kazi nyingine.

Mlango umeinama, kona moja imeshuka

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Kona iliyo mbali na bawaba inasugua chini, na mwanya kati ya milango miwili umebana juu na kupanuka chini.

Mara nyingi ni skrubu zilizolegea tu. Fungua mlango, ushike upande usio na bawaba, unyanyue na kuushusha taratibu huku mtu mwingine akimulika tochi. Tazama ni nini kinachocheza. Kitako kikicheza, kaza skrubu zake mbili. Kikombe kikicheza, kaza zile mbili za mlangoni. Mkono ukicheza juu ya kitako, kaza skrubu yake ya nyuma. Kama ni bawaba ya kubofya, ibofye tena mpaka isikike ikishika. Skrubu ikizunguka bila kukaza, ruka mpaka sehemu inayofuata.

Kama kila kitu kimekaza na bado mlango umeinama, bawaba inahitaji kurekebishwa. Skrubu ya mkono iliyo karibu na kikombe husogeza mlango kushoto na kulia. Ile ya nyuma husogeza mlango ndani na nje. Kimo hurekebishwa kwenye kitako, ama kwa kulegeza skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, ama kwa skrubu ndogo ya pekee iliyo kwenye vitako vya kisasa. Kunyanyua kona iliyoshuka, nenda kwenye bawaba ya juu, uzungushe skrubu ya mbele, ile iliyo karibu na kikombe, ili mlango uvutwe kuelekea upande wa bawaba. Kwenye ya chini fanya kinyume chake. Nusu mzunguko, funga mlango, tazama, rudia. Usikariri upande wa kuzungushia kwa sababu haufanani kwa watengenezaji wote. Na usitegemee miujiza: nafasi ya marekebisho ni kama milimita 2 kila upande. Kona iliyoshuka sentimita nzima ina shida nyingine.

Shida hiyo mara nyingi ni uzito. MDF ya milimita 18 ina uzito wa kama kilo 13 kwa mita moja ya mraba. Mlango wa milimita 400 kwa 720 unafika kilo 3.7 na bawaba mbili zinautosha. Mlango wa stoo ya jikoni wa milimita 600 kwa 2000 unapita kilo 15, na bado kuna mafundi wanaoufunga bawaba tatu ili kubana gharama. Majedwali ya watengenezaji wengi yanakaa karibu na hapa:

- kimo hadi milimita 900, kilo 6: bawaba 2
- hadi milimita 1600, kilo 12: bawaba 3
- hadi milimita 2000, kilo 17: bawaba 4
- hadi milimita 2400, kilo 22: bawaba 5

Kimo na uzito vikikupa namba tofauti, fuata iliyo kubwa. Mlango wenye upana unaozidi milimita 600, au wa mbao nzito kama mkongo, ongeza moja. Bawaba ya juu ndiyo inayobeba mvuto mkubwa kuliko zote, kwa hiyo ile ya kuongeza iweke karibu na ya juu badala ya katikati kabisa.

Chanzo cha nadra ni kabati lenyewe kupinda. Pima kwa futi kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, kabati si mraba, na hakuna bawaba itakayolinyoosha. La chini unaweza kulisawazisha kwa kuzungusha miguu yake ukiwa na pima maji.

La ukutani ni habari nyingine. Ukiona ufa umefunguka kati ya kabati na ukuta, au kabati limeinama mbele, acha hapo hapo. Toa vyombo vyote, kuanzia rafu ya juu, usimruhusu mtu kukaa chini yake, na mwite fundi alifunge upya. Mlango ulioshuka hapo ni onyo tu. Kinachokuja nyuma yake ni kabati zima na sahani zake.

Mkono wa bawaba ukiwa umepinda, kwa kawaida kwa sababu mtoto ameuning'inia mlango, usiunyooshe kwa koleo. Chuma kilichopindwa mara mbili kimeshapoteza nguvu. Badilisha.

Skrubu zinazunguka bure, au mlango umeng'oka na kipande cha ubao

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu huona bawaba inaning'inia, hununua mpya, na mpya hurudi kwenye tundu lilelile lililooza.

Anza kwa kugusa ubao kuzunguka tundu. Mkavu na mgumu? Basi meno ya tundu yamesagika tu, kwa kukazwa kupita kiasi au kwa mlango kufunguliwa kwa kulazimishwa kupita mwisho wake. Umevimba, unabonyea kwa ukucha, au unatoa unga? Maji yameingia. Tafuta yanakotoka kwanza: bomba la sinki, silikoni ya ukingo wa kaunta iliyoachia, mvuke wa birika lililowekwa chini ya kabati. Ukitengeneza tundu kabla ya kuzuia maji, utarudi baada ya masika. Ukiona vijia vya udongo au ubao unaolia wazi ukiugonga, huo ni mchwa. Usifunge chochote mpaka aje mtu wa dawa.

Tundu kavu lililosagika kidogo: chovya vijiti vya meno au vijiti vya kiberiti visivyo na baruti kwenye gundi nyeupe ya mbao, jaza tundu mpaka libane, kata vilivyozidi, subiri saa 24, kisha rudisha skrubu kwa mkono. Njia hii inadanganya kwenye milango mizito, ila kwa mlango mdogo wa kilo 3 au 4 inakaa.

Tundu lililosagika sana, fanya kazi kamili:

1. Shusha mlango. Mtu mmoja aushike. Fungua bawaba ya chini kwanza, ya juu mwisho, ili mlango usizunguke ukakuangukia.
2. Panua tundu kwa biti ya milimita 8, kina milimita 12. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina hicho, maana ubao wa milimita 16 hausamehe.
3. Piga kijiti cha mbao cha milimita 8 kilichopakwa gundi mpaka kikae sawa na uso. Subiri saa 24.
4. Toboa tundu jembamba la milimita 2.5 katikati ya kijiti, kina milimita 10 hivi.
5. Funga skrubu ya milimita 3.5 kwa 16 kwa mkono. Ikikaza, simama.

Ubao uliomomonyoka eneo kubwa hautakubali kijiti. Hapo kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni bati la kutengenezea bawaba, kipande cha chuma kisichoshika kutu chenye nafasi ya kitako katikati na matundu ya skrubu yanayofika kwenye ubao mzima pembeni. Litasogeza mlango kidogo kwa unene wake, kwa hiyo rekebisha skrubu ya mbele ukimaliza. Ya pili, kama upande wa pili wa ubavu ni ndani ya kabati lingine: toboa ng'ambo mpaka ng'ambo, weka boliti nyembamba za milimita 4 zenye washa na nati. Si nzuri kwa macho, lakini haing'oki. Hakikisha tu huku upande wa pili hakuna kitako kingine wala waya.

MDF iliyovimba haiponi kwa gundi. Ukibonyea milimita 2 au zaidi kuzunguka kikombe, mlango huo umekwisha. Kata mwingine, safari hii kwa plaiwudi ya marini au MDF ya kijani inayovumilia unyevu, na uzibe kingo zote kwa rangi au utepe kabla ya kufunga. Ukingo wa chini ndio unaosahaulika, nao ndio unaonyonya maji ya kudekia.

Usitoboe ubavu wa kabati lenye mtungi wa gesi au mpira wake kabla ya kufunga vali na kuutoa mtungi nje. Vivyo hivyo kabati lililopakana na soketi au waya wa jiko la umeme: zima swichi kuu, na kama hujui waya umepita wapi, mwite fundi umeme. Kutoboa bila kujua hakuna ujasiri ndani yake.

Mlango haufungi mpaka mwisho, au unajirudisha

Kwa kabati la zamani, tafuta kwanza kitu kinachozuia: mpini wa sufuria, rafu iliyosogea mbele milimita 2, kichwa cha skrubu ya kitako kilichobaki juu, utepe wa ukingo uliobanduka na kujikunja. Inaonekana ni upuuzi kuitaja, lakini angalia.

Kisha tazama mwanya upande wa bawaba. Mlango ukiwa umebana kabisa kwenye ubavu upande huo, unagusa huku kabla haujafika kule, na springi inausukuma urudi. Legeza skrubu ya nyuma ya kila bawaba, sogeza mlango nje, uache mwanya wa milimita 1 hadi 2. Linamaliza kesi nyingi.

Kwa kabati jipya, au bawaba zilizobadilishwa juzi, makosa huwa mawili. La kwanza ni kikombe kisichozama. Tundu la kikombe lina kipenyo cha milimita 35 na kina cha milimita 12 hadi 13. Fundi akitoboa 10, mdomo wa kikombe unabaki juu na mlango haulali. Ongeza kina kwa biti ileile, taratibu, ukikumbuka kwamba kwenye mlango wa milimita 18 umebakiwa na 5 tu.

La pili ni mkono usio wake, na hili ndilo kosa kubwa la dukani. Kuna mikono ya aina tatu. Mlango unaofunika ukingo wote wa ubavu unataka mkono ulionyooka. Milango miwili inayogawana ubavu mmoja, kila mmoja ukifunika nusu, inataka mkono uliopinda kidogo. Mlango unaoingia ndani ya fremu ya kabati unataka mkono uliopinda sana. Wauzaji huziita fulu, hafu na inseti. Hakuna skrubu ya kugeuza moja kuwa nyingine. Rudisha dukani zikiwa bado safi.

Springi iliyochoka ni ya mwisho kwa uwezekano. Bawaba nzima huuvuta mlango wenyewe ukikaribia kufunga. Toa mlango, kunja bawaba kwa mkono: ikilegea mwanzo hadi mwisho bila kushtuka mahali, springi imekatika. Badilisha zote za mlango huo kwa pamoja, maana mpya na ya zamani hazivuti sawa na mlango utapinda.

Na ukiweka rula ndefu juu ya mlango ukaona mwanga chini yake, mlango ndio uliopinda. MDF iliyopakwa rangi uso mmoja tu hufanya hivyo, kwa sababu uso mtupu unavuta unyevu na ule mwingine hauvuti. Hadi milimita 3 unaweza kusaidia kwa bawaba ya katikati na sumaku ya kushikia. Zaidi ya hapo ni mlango mpya.

Ile ya haidroliki imeanza kugonga

Bawaba za kufunga taratibu zina pampu ndogo, ama ndani ya kikombe ama juu ya mkono. Angalia kwanza kama ina kitufe kidogo cha kuizima. Wakati wa usafi hubonyezwa bila mtu kujua. Halafu tafuta alama ya mafuta inayochirizika kwenye kikombe. Pampu iliyovuja haijazwi tena, na kuipulizia mafuta ya springi ni kupoteza mafuta.

Kinachoiua ni mkono wa mtu. Mlango wa aina hii ukisukumwa kwa nguvu mpaka mwisho, mara kumi kwa siku, pampu inapasuka ndani. Waambie wote nyumbani: sukuma, achia.

Kinyume chake pia hutokea. Mlango mwembamba wa milimita 300 uliofungwa bawaba tatu za haidroliki unagoma kufunga, unasimama njiani kama mgeni asiyejua kama ameruhusiwa kuingia. Zima pampu ya bawaba moja, au badilisha moja iwe ya kawaida.

Kama bawaba zenyewe bado ni imara na kinachokosekana ni utulivu tu, usizing'oe. Zipo pampu za pekee zinazofungwa kwa skrubu kwenye kona ya ndani ya kabati, au kupachikwa kwenye tundu la milimita 10 upande wa ukingo wa ubavu. Moja kwa mlango inatosha, na bei yake ni ndogo kuliko jozi mpya.

Kutu

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Zanzibar, Lamu au Dar es Salaam karibu na bahari, sehemu hii ndiyo inayoamua ununuzi wote.

Tofautisha kwanza. Vumbi la rangi ya chungwa juu ya mkono ni kutu ya uso. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kausha, na bawaba itaendelea. Kutu kwenye springi, kwenye pini za maungio, au chini ya kikombe ikitia doa la kahawia kwenye ubao, ni ya kubadilisha. Pini iliyoliwa huachia ghafla.

Vyanzo kwa mpangilio wa wingi: dawa za usafi, mvuke, hewa ya chumvi, maji yanayovuja. Ndiyo, dawa zinatangulia. Klorini kama Jik inatoa mvuke hata chupa ikiwa imefungwa vibaya kidogo, na kabati la chini ya sinki halina hewa. Asidi ya kusafishia vigae baada ya ujenzi ni mbaya zaidi. Chupa moja iliyosahaulika inaweza kuzitia kutu bawaba za kabati zima kabla hata hujahamia. Hata chuma kisichoshika kutu hutobolewa vidoti na mvuke huo. Zihamishe dawa hizo nje ya makabati. Na zisikae pamoja: asidi ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Ukisikia harufu hiyo kali ukifungua kabati, toka, fungua madirisha, usiiname kutafuta kilichomwagika.

Sasa uchaguzi. Bawaba ya kawaida ni chuma kilichopakwa nikeli. Kwa Dodoma, Nairobi au Arusha, kwenye makabati yaliyo mbali na sinki, inatosha vizuri. Pwani, na kila mahali kwenye kabati la sinki, tafuta chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, maandishi hayo yakiwa kwenye boksi au yamegongwa kwenye bawaba.

Sumaku inasaidia nusu tu. Ikinata kwa nguvu kwenye kikombe na mkono, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa, hata kama muuzaji anaapa. Isiponata, bado hujapona: daraja la 201, la bei nafuu na linaloshika kutu kwenye hewa ya chumvi, nalo halinati. Sumaku haiwezi kutenganisha 201 na 304. Mnato hafifu kwenye mikunjo ni wa kawaida kwa 304 na usikutie shaka.

Pitisha sumaku kwenye kitako na skrubu pia. Boksi nyingi zina bawaba nzuri ya 304 iliyofuatana na skrubu za chuma zilizopakwa, na hizo ndizo zinazooza kwanza. Nunua skrubu zisizoshika kutu kando, milimita 3.5 kwa 16, au kwa 13 kama mlango wako una unene wa milimita 16 na hutaki ncha ijitokeze usoni.

Kelele, na milango inayogongana

Kulia kwa bawaba huisha kwa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pini, kisha futa. Mafuta ya kupikia hapana: yanaganda, yanakusanya vumbi na mende wanayapenda.

Droo ya ndani inayokwama kwenye mlango, au mlango wa kona usiofunguka kiasi cha kupitisha sufuria, ni suala la pembe ya kufunguka. Bawaba ya kawaida hufunguka nyuzi 95 hadi 110. Kwa droo za ndani na makabati ya kona nunua ya 155 au 165, lakini usiiweke kwenye mlango ulio jirani na ukuta. Mpini utachimba plasta.

Bawaba za kipepeo kwenye milango ya mbao

Milango ya mninga au mtiki iliyofungwa bawaba za kipepeo husugua zaidi wakati wa masika, mbao zikivuta unyevu. Usikimbilie randa. Kaza skrubu, kisha subiri kiangazi. Mlango uliorandwa mwezi wa nne hubaki na mwanya wa kuchungulia mwezi wa tisa. Ukibadilisha, chagua shaba tupu badala ya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ikwaruze kidogo kwa ncha ya kisu upande usioonekana: ukiona weupe chini, si shaba. Skrubu za shaba ni laini, hivyo toboa tundu kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo, itoe, ndipo uweke ya shaba.

Mlango wa kioo usiuguse kwa drili. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile kigumu, kikitobolewa hupasuka chote kwa mara moja. Matundu yake hutobolewa kiwandani kabla ya kukiimarisha. Ni kazi ya fundi vioo.

Dukani

Ng'oa bawaba moja ya zamani na kitako chake uende nazo. Usichukue picha tu, kwa sababu picha haionyeshi milimita. Linganisha vitu hivi:

- kipenyo cha kikombe, kwa kawaida milimita 35
- umbali kati ya skrubu mbili za kikombe: 45, 48 au 52. Ukikosea hapa utatoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani, na ubao hautayashika yote
- aina ya mkono
- umbali kati ya skrubu za kitako, mara nyingi 32, na mstari wake ulio milimita 37 kutoka ukingo wa mbele wa kabati

Kama unatoboa mlango mpya, acha milimita 5 kati ya ukingo wa mlango na ukingo wa tundu. Kitovu cha biti ya 35 kitakaa milimita 22.5 kutoka ukingoni. Chini ya milimita 3 ubao unapasuka. Kutoka juu na chini ya mlango, acha milimita 80 hadi 100.

Boksi nzuri huandika idadi ya mara ilizojaribiwa kufunguliwa na kufungwa, na saa za jaribio la mvuke wa chumvi. Zifanyie hesabu. Mlango wa kabati la vikombe ukifunguliwa mara 20 kwa siku ni mara 7,300 kwa mwaka. Bawaba ya mara 80,000 inakupa karibu miaka 11; ya mara 50,000 inakaribia 7. Kabati la sahani za wageni halihitaji hesabu hiyo, weka ya bei ndogo na pesa ipeleke kwenye la sinki. Kwa saa za chumvi, 48 ni afadhali kuliko 24, na boksi lisiloandika chochote lichukulie kama halijajaribiwa.

Shika bawaba mkononi. Ikunje na kuikunjua mara kadhaa, kisha ushike kikombe kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, ujaribu kuisokota kushoto na kulia. Inayocheza ikiwa mpya itacheza maradufu ikibeba mlango. Tazama ukingo wa mkono: chuma chembamba kilichokatwa vibaya kinaacha mabaki makali, na mahali hapo ndipo nikeli huanza kubanduka.

Nunua mbili za ziada za toleo hilohilo, uzifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, uziache kwenye rafu ya juu ya kabati. Mkono wa kampuni moja mara nyingi haukubali kitako cha kampuni nyingine, na toleo unalolinunua leo huenda lisiwepo dukani utakapolihitaji.